"Sikutaka kuwachelewesha"

Tulikuwa tumeshatembea masaa manne siku ile, vijana 16 na sisi watu wazima watatu, na tulipofika pale pa kupiga kambi kila mtu akabwaga begi lake akajilaza kwenye majani. Mimi nikawa napita naangalia nani yukoje, ndo nikamwona kijana mmoja wa miaka 13 amekaa pembeni hajavua viatu. Wenzake wote washavua wanachezesha vidole, yeye kimya tu, mikono magotini. Nikamwambia vua upumzishe miguu. Akasema, "Niko sawa tu mwalimu." Nikamwambia vua basi hata kimoja. Alivyokivua, soksi ilikuwa imegandia kisiginoni, na ilipotoka ilitoka na ngozi. Mguu wa pili vilevile.

Nikamuuliza imeanza lini hii. Akasema pale darajani. Daraja tulilivuka nusu saa tu baada ya kuanza, yaani huyu mtoto alitembea masaa matatu na nusu juu ya vidonda, anapanda anashuka, begi mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mbona hukusema? Akainama, akajibu kwa sauti ndogo: "Sikutaka kuwachelewesha."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Maana nilikuwa nimejiandaa kweli kweli, ramani ninayo, fomu za wazazi ninazo, na plasta za malengelenge zilikuwa zimejaa kwenye begi langu, zingetosha watu 30. Dakika tano pale darajani zingemaliza kazi. Plasta zilikuwepo, ila mtoto hakuwa na ruhusa ya kusema inamuuma, na ruhusa hiyo sisi ndo hatukumpa, kwa sababu njia nzima tulikuwa tunawapigia makofi walioko mbele na kuwaambia walioko nyuma kazeni mwendo jamani.

Tangu siku ile namna yangu ya kuwaandaa vijana kwa kambi imebadilika yote. Ya hema na jiko na maji ntayaeleza, tena ni mambo ya lazima, ila niseme mapema kwamba kitu ninachokitafuta kwanza kwa kijana kabla sijampeleka porini ni kama anaweza kufungua mdomo akasema naumwa, naogopa, nimepotea, sijui kuogelea, yule mtu simpendi anavyonishika. Kisigino kinapona kwa wiki moja. Ukimya uleule ukikutana na mto, au na baridi ya usiku, au na mtu mzima mwenye nia mbaya, hapo hatuongelei plasta tena.

Kwa hiyo siku hizi tunafanya mazoezi ya kusema, na nasema mazoezi kwa maana halisi ya mazoezi. Wiki tatu au nne kabla ya kambi tunatoka kutembea karibu tu, kilomita nne tano hivi, na begi lile lile lenye mzigo ule ule mtu atakaoubeba kambini, na kila mmoja analazimika angalau mara moja kuwasimamisha wote kwa sababu yoyote ile, kamba ya kiatu, kiu, jiwe kwenye soksi, au hata kwamba ameona ndege anataka kumwangalia. Mwanzoni wanaona aibu, wanacheka, wanasukumana we anza wewe anza. Ikifika mara ya kumi hakuna anayecheka tena, kusimama kumekuwa kitu cha kawaida kama kupumua. Na sisi wakubwa tunasimama pia tunaomba, tena tunaomba kwa sauti, "samahani jamani bega linanikata naomba nirekebishe mkanda," kwa sababu mtoto hawezi kuamini kwamba kuomba si udhaifu kama hajawahi kumwona mtu mzima anaomba.

Halafu safari yenyewe ikianza, baada ya dakika 15 au 20 za kwanza lazima tusimame, wote, hata kama hakuna anayelalamika. Tunakiita kituo cha viatu. Kila mtu anavua, anapitisha mkono kisiginoni na kwenye vidole, pakiwa pa moto pakiwa pekundu panabandikwa plasta hapo hapo kabla lengelenge halijajaa maji. Kwa kuwa wote wanavua, hakuna anayeonekana mzembe.

Na anayetembea polepole anakaa mbele. Hili linabishaniwa sana na vijana wenye nguvu, lakini hebu fikiria ukiwa wa mwisho: wenzako wanafika wanapumzika, wewe unafika wao ndo wanainuka, kwa hiyo aliyechoka zaidi ndo anayepumzika kidogo zaidi. Mbele anaweka mwendo wa kundi. Kuhusu muda, kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, inatumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Ila hiyo ni ya mtu mzima aliyezoea, asiyesimama kupumzika, mimi nikiwa na vijana naongeza nusu yake tena juu. Kama hesabu inasema masaa manne mimi naandika sita, kwa sababu kiongozi anayekimbizana na muda ndo yule anayeanza kusema kazeni mwendo, na tumeshaona hilo linakoishia.

Begi nalo lipimwe kwenye mizani siku ya mkutano, mbele ya mzazi. Moja ya tano ya uzito wa mtoto, isizidi hapo, yaani wa kilo 40 abebe kilo 8 na maji yake yakiwemo. Utashangaa vitu vinavyotoka humo.

Sasa nije kwenye makundi, maana hapa ndo nimejifunza zaidi. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell alipofanya ile kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, ambayo skauti wanaihesabu kuwa ndo mwanzo wao, alikuwa na wavulana kama 20 tu, lakini hata hao 20 aliwagawa makundi manne na kila kundi likawa chini ya mvulana mwenzao. Zamani nilidhani ni mambo ya nidhamu tu. Siku hizi naona ilikuwa na akili nyingine: kwenye kundi la 20 mtoto anaweza kupotea mchana kweupe huku umesimama naye, kwenye kundi la watano akinyamaza tu panaonekana pengo. Mimi nagawa watano au sita, na ndani ya hapo tena wawili wawili, kila mtu na mwenza wake. Mwenza ndo unaenda naye kuchota maji, ndo unamwamsha usiku ukitaka kwenda chooni, ndo anajua inhela yako, kile kipulizo cha pumu, au dawa yako iko mfuko gani.

Na maswali ya hali tunayauliza kwa mwenza. Hii sikuisoma popote, imetoka kwenye makosa. Ukimuuliza mtoto "uko sawa?" atakujibu niko sawa, hata akiwa anachuruzika damu atakujibu niko sawa, hasa mbele ya wenzake. Lakini muulize "mwenzako yukoje?" utasikia kila kitu, hajala mchana huyu, analia usiku, soksi zake zimelowa zote, amesema nisikwambie ila kichwa kinamuuma tangu jana. Watoto wanaficha shida zao lakini hawawezi kuficha ya rafiki yao kama umewafundisha kwamba kusema ni kumlinda. Asubuhi kabla ya kuondoka, mchana, na jioni kabla ya kulala, mara tatu kwa siku tunauliza hivyo, kundi kwa kundi, haichukui dakika kumi.

Kuna sharti moja linaloshikilia haya yote, nalo ni kwamba anayesema haadhibiwi. Kabisa. Kijana akija akasema nimeteleza nimejikata na kisu ambacho hukuniruhusu kushika, kwanza tunasafisha jeraha, tunamshukuru kwa kusema, na ya kisu tutayaongea kesho tukiwa tumekaa. Viongozi wenzangu wengi hapa tunatofautiana, wanasema utawalea wakorofi. Mimi nawauliza, mtoto akiumwa na nyoka mahali ulipomkataza kwenda, unataka aje kwako mbio au aende akajifiche kwenye hema akiogopa fimbo? Maana kwa nyoka kinachookoa ni muda: mtoto atulie, ule mkono au mguu usichezeshwe, pete na saa zivuliwe kabla ya kuvimba, abebwe afikishwe hospitali haraka. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya sumu, hakuna kufunga kamba ya kukaza. Na msaada huo wote unachelewa kama umejua baada ya masaa mawili.

Mkutano wa wazazi mimi naufanya mrefu na siombi radhi. Fomu ya afya si ya kujaza ukiwa umesimama mlangoni. Dawa gani, saa ngapi, mzio wa nini, pumu, kifafa, kisukari, amewahi kuvunjika wapi, namba za simu za watu wawili sio mmoja. Halafu nabaki nusu saa nzima nikiwa peke yangu na mzazi mmoja mmoja anayetaka kuniambia kitu pembeni, na hapo ndo unaambiwa mambo ambayo fomu haiyapati. Kwamba huyu bado anakojoa kitandani na anaona aibu mpaka hataki kuja. Basi tunapanga kimyakimya, anaamshwa usiku saa fulani, ana shuka la ziada kwenye mfuko wake, hakuna atakayejua. Kwamba huyu binti yuko karibu kuanza hedhi. Basi kila kundi lenye wasichana lina pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na wote wameambiwa ziko pale, chukua, huna haja ya kuomba. Kwamba huyu amefiwa mwaka huu. Hilo nalo ni la kambi, kwa sababu usiku porini ndo watoto wanapowakumbuka waliowapoteza.

Na naongea wazi mbele ya wazazi na watoto wakiwa pamoja kuhusu watu wazima. Hakuna mtu mzima anayelala hema moja na mtoto asiye wake. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali ambapo wengine hawawaoni, hata mimi, hata kama ni kumfunga kidonda, tunafanya pale nje watu wanapoona. Hakuna siri ya kambi, mtu yeyote akikwambia "hii usimwambie mama" basi hiyo ndo ya kwanza kumwambia mama. Na kila mtoto anataja kwa jina watu wazima wawili pale kambini anaoweza kuwaendea, na mmoja wa nje anayeweza kumpigia simu saa yoyote. Nawataka waseme mbele yangu. Nimeona wazazi wengine wanakunja uso nikifika hapo, wanaona naleta mambo mazito kwenye sherehe ya watoto, lakini mtoto anayesikia wakubwa wakiyasema bila kumung'unya anajua kwamba naye anaweza kuyasema.

Kabla ya kambi yenyewe tunalala usiku mmoja wa majaribio, karibu kabisa na nyumba, mahali ambapo mtu akishindwa anaingia ndani. Hema wanasimamisha mchana, wanalikunja, halafu wanalisimamisha tena giza limeingia kwa tochi. Hapo ndo unagundua kwamba vigingi vya hema moja vimebaki stoo, bateri za tochi zimekufa, na zipu ya mlango inahitaji akili yake. Afadhali kugundua hapo. Na kuna wanaoomba kwenda kulala ndani usiku wa manane, tunawapeleka, asubuhi wanakula na wenzao na hakuna anayewasema.

Mahali pa kupiga hema nawafundisha waangalie juu kwanza, matawi makavu yaliyoning'inia, hayo yanaanguka hata siku isiyo na upepo. Kisha chini, kama majani yamelala upande mmoja au kuna mchanga laini uliotandikwa vizuri, ujue maji hupita hapo. Mto mkavu unavutia sana kwa hema, pamenyooka, pana mchanga, na ni mtego, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali milimani wewe kwako ukiona nyota, maji yakakufikia usingizini. Watu wanadharau maji mafupi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na hayo bado hayajafika magotini.

Radi ndo kitu ninachokiogopa zaidi, nakiri. Ukiona mmweko anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 mlitakiwa muwe mmeshaingia kwenye jengo au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi hata kidogo, na mti uliosimama peke yake ndo mahali pabaya kuliko pote. Ndo maana kwenye kupanga lazima ujue tangu nyumbani kwamba mkiwa sehemu fulani ya njia pa kukimbilia ni wapi, na kama hapapo basi siku yenye dalili hiyo hamwendi.

Kuogelea nako nimebadilisha namna ya kuuliza. Ukisimama mbele ya vijana 16 ukauliza nani hajui kuogelea, hakuna mkono utakaoinuka, na yule asiyejua ataingia majini na wengine kwa sababu keshajifunga mwenyewe. Mimi siulizi. Kila mmoja anapimwa peke yake kwenye maji mafupi, bila watazamaji, na baada ya hapo anaambiwa anaishia wapi. Wawili wawili na mwenza wake, na mtu mzima mmoja nchi kavu ambaye kazi yake ni kuangalia tu, hana simu mkononi, hapigi picha. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anahitaji pumzi na mdomo uko chini ya maji, anazama kimya mita tatu kutoka kwa watu wanaocheka.

Sasa jiko. Hapa naomba usome polepole. Usiku wa baridi, mvua nje, mtu anaona bora aingize jiko la mkaa ndani ya hema walale kwenye joto, na mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi kwa hiyo anaona hauna madhara. Kinachoua ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, yaani zinafanana kabisa na mtu aliyechoka na safari, na aliyelala hazisikii kabisa. Jiko la gesi vilevile, jiko la mafuta vilevile, makaa yaliyobaki kwenye ndoo unayodhani yamekufa vilevile, na kuacha mlango wazi hakutoshi. Kwetu jiko halivuki kizingiti cha hema hata likiwa limezimwa. Na kijana yeyote akisema kichwa kinamuuma akiwa hemani, wote wa hema hilo wanatoka nje kwanza, maswali baadaye. Imeshatokea mara mbili tukatoka usiku kwenye manyunyu kumbe ni kiu tu. Sijutii hata moja.

Moto wa nje unawekwa mbali na hema, mita tano au zaidi na upepo usielekee huko, pale ambapo pameshawahi kuwashwa, na ndoo ya maji inajazwa kabla ya kiberiti kutoka mfukoni. Kuzima ni kumwaga maji, kukoroga, kumwaga tena, mpaka uweke mgongo wa mkono usisikie joto. Anayezima anaitwa kwa jina jioni ile, ili isiwe kazi ya wote ambayo inaishia kuwa si ya mtu.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, mkiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu. Choo kama hakuna cha kujengwa ni shimo la sentimita 15 mpaka 20, hatua 70 ndefu kutoka kwenye mto, njia na kambi, na mikono kwa sabuni kila mara. Kambi nyingi zinaharibiwa na tumbo kuliko na mnyama yeyote. Taka zote tunarudi nazo, na maganda ya matunda pia, maana yanakaa pale miezi na yanawazoeza wanyama kuja kwa watu.

Baridi inastahili neno zaidi kwa sababu nayo inafichwa. Mtu akilowa na upepo ukavuma hahitaji barafu kupata shida, mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 umeshaanza kushindwa. Anatetemeka, vidole vinakataa kufunga zipu, maneno yanaburuzika, anajikwaa, na kabla ya hayo yote huwa anakuwa na hasira, mtoto mpole ghafla anajibu vibaya. Tulikuwa tunawagombeza hao. Siku hizi akijibu vibaya kwenye mvua nashika mikono yake kwanza. Nguo kavu, kofia, kitu cha moto cha kunywa kama yuko macho anameza vizuri, na mwenza karibu yake. Na akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi usifurahi, hapo ndo amezidiwa, ni wa kutafutiwa msaada wa hospitali.

Simu naziruhusu lakini zinakaa zimezimwa kuokoa chaji, isipokuwa mbili za viongozi, na ramani zimeshushwa kabla ya kuondoka. Mahali mtandao ni wa kubahatisha meseji inaweza kupita pale simu inapogoma kupiga, wafundishe hilo. Kila mtoto ana filimbi shingoni, milio mitatu ni shida, na aliyepotea kazi yake ni moja, kukaa alipo na kupuliza. Nyumbani kuna mtu ana karatasi yenye njia yetu, majina yetu, na saa ambayo tusipopiga simu aanze kuomba msaada bila kutusubiri.

Na kuna kusema kwa wakubwa nako. Safari moja tulikuwa tunaelekea kilele, vijana wamekisubiri miezi, na asubuhi niliwaambia saa nane mchana popote tutakapokuwa tunageuza. Saa nane ilitukuta kilele kinaonekana, kama dakika 50 mbele, jua linawaka. Walinisihi. Wengine walilia kwa kweli, na kiongozi mwenzangu alinivuta pembeni akasema tusiwavunje moyo watoto. Tukageuza. Hakukuwa na dhoruba yoyote jioni ile, hali ya hewa ilibaki nzuri mpaka usiku, kwa hiyo sina cha kukuonyesha kwamba nilikuwa sahihi. Lakini tulifika kambini na mwanga, wakapika wakiona wanachopika, na usiku ule msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na wewe ulikuwa umechoka?" Nikamwambia ndiyo, sana, magoti yalikuwa yananiuma tangu saa tano. Akaitikia kwa kichwa akaenda kulala.

Kambi yetu ya mwisho, usiku wa pili, nilisikia mtu anagonga kwa vidole kwenye turubai la hema letu sisi viongozi wa kike. Ilikuwa kama saa tisa. Nikatoka na tochi na mwenzangu, tukamkuta binti wa miaka 11 amesimama pekupeku, koti amelivaa kinyume. Akasema, "Mwenzangu anasema yuko sawa, ila mimi naona hayuko sawa." Tulipofika tukamkuta yule mwingine amekaa kitako anavuta pumzi kwa mabega, kila pumzi na mluzi wake, na akatutazama akajaribu kusema niko sawa tu akashindwa kuimaliza. Inhela ilikuwa imeshatoka mfukoni, imeshatikiswa, imeshatumika, mwenzake alikuwa ameifanya hiyo kabla ya kuja kwetu kama tulivyofanya mazoezi. Tukamkalisha wima nje kwenye hewa, tukaendelea kumpa pumzi moja moja huku gari likiwa limeshageuzwa uso barabarani na simu kwa mama yake iko hewani. Kidogo kidogo mluzi ukapungua. Mama akasema anakuja asubuhi kumwona, tukakubaliana.

Nikamwambia yule mdogo nenda kalale sasa, umefanya kazi kubwa, tupo hapa. Akakataa. Tukamletea blanketi, akakaa pale pale begani kwa mwenzake mpaka kumekucha, inhela ameishika mkononi.